Tumwulize Nini Kwanza? Fikara juu ya mwanafunzi na mwisho wa mwaka wa masomo

Mwaka wa masomo ukikaribia kwisha, mtaa wetu wa Cimpunda hubadilika uso. Ni kiangazi, vumbi la njia za mlimani laingia katika nyumba, katika sufuria na katika vitabu. Vijana wa vyuo waonekana wakipanda na kushuka na makaratasi mkononi, macho mekundu, midomo ikisema peke yake. Wengine wasoma katika Chuo Kikuu cha Serikali cha Bukavu, ambacho majengo yake ya Karhale yako katika komini hii yetu ya Kadutu. Wengine wavuka mji kwenda Chuo Kikuu cha Kikatoliki, kilichoanzishwa mwaka 1989, au kwenye chuo cha ualimu, au cha uganga, au penginepo. Vyuo ni vingi, lakini wote wangoja siku moja, siku ya kutangazwa kwa matokeo.

Siku hiyo ikifika, kila mmoja wao atakuwa amekwisha kuulizwa swali moja mara kumi kabla hajafika mlangoni kwao. Fundi wa cherehani atamwuliza. Mama mwuza makala atamwuliza. Mjomba atapiga simu kutoka Uvira ili amwulize. Nalo swali lenyewe ni hili: Umepata ngapi?

Swali hili si baya. Walakini yafaa leo tulichungue pamoja, kwani maneno tunayoyatanguliza huonyesha mambo tunayoyathamini. Swali hili likiwa la kwanza, na pengine likiwa la pekee, je, twamtendea kijana huyu kama inavyopasa mtu kutendewa?

Mzigo anaoubeba

Watu wengine husema: Mwanafunzi hana kazi, hukaa tu akisoma. Wasemao hivyo hawajapata kumtazama kwa makini.

Tumfikirie msichana mmoja wa mtaa wetu, wa mwaka wa pili katika chuo. Huamka kabla ya mapambazuko ili awahi maji na bido zake mbili, kwani bomba halingoji mtu. Hupika uji wa wadogo zake. Hutembea kwa miguu hadi chuoni, maana nauli ya kila siku ingemaliza fedha za chakula. Jioni hurudi, hupika bugali na sombe, huosha vyombo. Ndipo mwanga unapomalizika. Katika nyumba nyingi umeme hukatika jioni, na ukirudi waweza kurudi wakati watu wamekwisha kulala. Hapo ndipo anapofungua daftari lake, katikati ya usiku, katika chumba anacholala na wenzake watatu.

Tena kuna hesabu nyingine, ambayo haimo katika daftari. Mama yake huuza nyanya katika soko la Kadutu. Msichana huyu ajua minervali ni beseni ngapi za nyanya. Ajua kila somo atakaloshindwa ni siku ngapi za mama yake kukaa juani. Tangu mwaka wa masomo 2021-2022 vyuo vya nchi yetu viliingizwa vyote katika utaratibu uitwao LMD, ambamo kila mwaka wa masomo huhesabiwa krediti 60, na mwenye kukosa krediti za somo hubaki na deni la somo lile. Basi hilo neno deni alisikia mara mbili, chuoni na nyumbani, naye hulala nalo.

Wala tusisahau mambo yaliyoupata mji. Katika Februari 2025, Bukavu ilipotwaliwa na kundi la M23, mabenki yalifunga milango, na watu wengi wakakosa njia ya kuzifikia hata fedha zao wenyewe. Tarehe 27 ya mwezi uleule mabomu yalilipuka kati ya umati wa watu katika uwanja wa Uhuru, wakafa watu. Vijana walioyaona mambo hayo ndio haohao walioketi baadaye mbele ya karatasi ya mtihani. Karatasi haikuwauliza wameona nini.

Huo ndio mzigo. Siutaji ili tumlilie mwanafunzi kana kwamba yeye peke yake ana taabu. Nautaja kwa sababu hatuwezi kumhukumu mtu kwa haki bila kujua amebeba nini.

Je, ni vibaya kuuliza pointi?

Ukiniuliza: Mzazi ana haki ya kujua pointi za mtoto wake? Nakujibu: Anayo. Aliyejinyima nguo na nyama ili mwanawe asome, ana haki ya kujua kazi yake imezaa nini. Mtoto naye ana deni la shukrani, na kijana anayelisahau deni hilo ni mtu asiye na adabu.

Vilevile tusizidharau pointi. Katika mji huu wa milima, ambamo mvua kubwa hushusha ardhi pamoja na nyumba zilizo juu yake, twajua hasara ya mjenzi asiyejua hesabu. Mganga asiyejua kipimo cha dawa ataua watu, hata akiwa na moyo mwema. Kwa hiyo mitihani yafaa iwepo, tena iwe ya kweli, na mwenye kutojua aambiwe kwamba hajajua bado.

Lakini kila deni lina malipo yanayolifaa. Deni la shukrani hulipwa kwa bidii, kwa unyofu na kwa heshima. Halilipwi kwa afya ya mtu, wala kwa uhai wake. Hakuna mama wa Cimpunda aliyeuza nyanya miaka mitano ili arudishiwe mwanawe ndani ya sanduku.

Tena tufahamu pointi ni kitu gani. Ni kipimo cha kazi fulani, iliyofanywa siku fulani, mbele ya mwalimu fulani. Sokoni Kadutu wapima unga kwa kopo, na kopo hilo lapima unga vema kabisa. Walakini hakuna mama anayechukua kopo lile akapime mtoto wake. Kosa si la kopo; kosa ni la mtu anayelitumia kupimia kitu ambacho haliwezi kukipima. Ndivyo ilivyo kwetu tunapomwona kijana aliyepata nyingi tukamwita mtu, na aliyekosa tukanyamaza anapopita, kana kwamba amefiwa au ameiba.

Mtu hapati utu wake siku ya matokeo. Alikuwa nao kabla hajajua kusoma herufi ya kwanza, naye atakuwa nao akiwa mzee aliyesahau yote aliyojifunza. Hayo ndiyo tunayowafundisha watoto wa katekisimu. Yatupasa kuyashika hata mbele ya ubao wa matokeo.

"Sisi nasi tulisoma katika taabu"

Wazee wataniambia: Sisi nasi tulisoma katika taabu, na kwa taa ya kibatari. Tulisoma vita vilipoingia mjini katika Oktoba 1996, tena katika Agosti 1998, tena katika Juni 2004. Hatukusema habari za kuchoka. Vijana wa siku hizi ni walegevu.

Neno hilo ni la watu walioteseka kweli, nami nalisikiliza kwa heshima. Lakini nawajibu kwa swali: Ninyi mliopita katika taabu ile, mwawatakia watoto wenu taabu ileile? Aliyepigwa na mvua njiani hamfungii mlango anayekuja nyuma yake ili naye alowe. Tena katika wale mliosoma nao, si wote waliofika. Tuwakumbuke nao, wale walioishia njiani kwa ugonjwa, kwa huzuni au kwa pombe. Hao hawapo hapa leo kusema kwamba taabu iliwajenga.

Na juu ya kukesha, ambako wengi hukusifu kama ushujaa, wenye elimu wamepima. Mwaka 1924 huko Cornell, Marekani, wataalamu wawili, Jenkins na Dallenbach, waliwafundisha wanafunzi wawili silabi zisizo na maana, kisha wakawapima, mara wakiwa wametoka kulala, mara wakiwa wamekaa macho kwa saa zilezile. Wanafunzi wale walikumbuka zaidi sana baada ya usingizi. Mwaka 1997 wataalamu wa Australia, Dawson na Reid, walionyesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo, ushirikiano wa jicho lake na mkono wake hupungua kama wa mtu mwenye kiasi cha pombe ambacho nchi nyingi huwakataza madereva. Akifika saa 24 hali yake huwa mbaya zaidi ya hapo.

Basi twaona jambo la ajabu. Mama ambaye angelia kumwona mwanawe akienda mtihanini amelewa, humsifu akienda amekesha usiku kucha. Na kijana ambaye hataki kuonja pombe hununua vidonge vya kumzuia asilale, asijue vina nini ndani. Usingizi si uvivu. Mkulima anayeacha shamba lipumzike hatumwiti mvivu. Twamwita mtu ajuaye ardhi.

Amri ya tano ya Mungu yatukataza kuua, na tangu utoto tumefundishwa kwamba yatuagiza pia kuutunza uzima, wa wenzetu na wetu wenyewe. Kijana anayelala saa zinazompasa, anayekula kabla ya mtihani, anayemwambia mwenzake kwamba amechoka, hafanyi uzembe. Atimiza wajibu.

Mkate kwanza

Maandiko Matakatifu yatupa mfano mmoja ambao ningependa kila nyumba yenye mwanafunzi iukumbuke. Ni habari ya nabii Elia. Alikuwa amefanya kazi kubwa, kisha malkia akaapa kumwua. Elia akakimbia jangwani, akaketi chini ya kijiti, akamwomba Mungu amwondolee uhai wake, kwa kuwa hakujiona bora kuliko babu zake. Halafu akalala.

Tutazame sasa alivyotendewa. Malaika hakuja na mahubiri. Hakumwambia: Wewe nabii, wasemaje maneno ya namna hiyo? Hakumwuliza hesabu ya kazi yake. Alimgusa, akamwonyesha mkate uliookwa juu ya mawe ya moto, na chupa ya maji. Elia akala, akanywa, akalala tena, wala hakukatazwa kulala. Malaika akaja mara ya pili na chakula, kwa sababu safari iliyobaki ilikuwa ndefu. Elia alitembea siku arobaini mpaka mlima Horebu, na huko ndiko Mungu alikomwuliza anafanya nini. Swali lilikuja, lakini lilikuja baada ya mkate.

Tena tuangalie mwisho wa habari. Elia hakuachwa apumzike siku zote. Alipewa kazi mpya, na pamoja na kazi akapewa mwenzake, Elisha. Kwa hiyo mwenye kudhani kwamba nahubiri ulegevu hajanielewa. Kazi ipo, na hesabu ya kazi ipo. Ninalolisema ni utaratibu wake: mkate kwanza, usingizi, kisha swali, kisha kazi, na mwenzi wa kuifanya naye. Wahenga wetu walijua neno hilo waliposema kwamba mgonjwa haulizwi uji. Hupewa.

Dawa tano

Mtakatifu Tomaso wa Akwino, mwalimu mkubwa wa Kanisa aliyefariki mwaka 1274, alijiuliza katika kitabu chake cha Summa ni vitu gani vyaweza kuitibu huzuni. Mtu angedhani mtawa kama yeye atataja sala na mfungo tu. Alitaja vitano: jambo lolote lenye kufurahisha, machozi, huruma ya marafiki, kuitazama kweli, na mwisho usingizi pamoja na kuoga. Twaweza kuvitumia vyote vitano hapa Cimpunda, wala havihitaji fedha nyingi.

Furaha: mtihani ukiisha, kijana na acheze mpira, aimbe na wenzake wa kwaya, ashuke kutazama ziwa. Machozi: tusiwaambie wavulana kwamba mwanamume halii. Chozi lililozuiliwa huenda likatoka kwa njia nyingine, kwa ngumi au kwa chupa. Marafiki: waliosoma pamoja na wangoje matokeo pamoja, na aliyefaulu asiondoke na walioshinda tu, akamwacha mwenzake peke yake ukutani. Usingizi na kuoga: katika nyumba ambamo maji huchotwa mbali, kumwekea mwanafunzi beseni moja la maji ya moto siku ya mwisho ya mitihani ni tendo kubwa la mapendo kuliko hotuba.

Imebaki dawa ya nne, kuitazama kweli. Hiyo ndiyo chungu, nayo yahitaji maneno zaidi.

Kijana aliyeficha

Tumfikirie kijana mwingine. Mama yake amekwisha kutangaza katika shirika, mbele ya jirani wote, kwamba mwanawe atamaliza masomo mwaka huu. Kitambaa cha sikukuu kimenunuliwa. Wajomba wamechanga. Siku ya matokeo kijana atafuta jina lake katika orodha ya waliofaulu, asilione. Arudi nyumbani. Mama amwuliza: Umepata ngapi? Naye, kabla hajafikiri, ajibu kwamba amefaulu.

Tangu jibu lile hana amani tena. Kila asubuhi atoka na daftari, akisema anafuata karatasi zake za chuo. Huketi juu ya kilima mpaka jioni. Huogopa simu. Huogopa Misa, kwa kuwa mama ametoa nia ya shukrani. Uongo wa neno moja wadai uongo mwingine kila siku, na kila siku njia ya kurudi huwa ndefu zaidi. Mwishoni aona milango miwili tu: kuutoroka mji, au kuutoroka uhai.

Nani alimfundisha kusema uongo? Kosa ni lake, sikatai. Kweli ilikuwa ngumu, akaikimbia. Lakini na sisi tujichunguze. Tulimwuliza swali lenye jibu moja tu tulilokuwa tayari kulipokea. Tulipika sherehe kabla ya mavuno, tukamwachia yeye kutuambia kwamba shamba limekauka. Mtu asiyeweza kusema nyumbani kwao kwamba ameshindwa, hana nyumba ya kurudi siku ile anapoihitaji kuliko siku zote.

Wewe kijana, kama u katika hali hiyo, nisikilize. Mficha maradhi, kilio humfichua. Sema leo, kwani leo ni rahisi kuliko kesho. Kama huwezi kumwambia baba, mwambie shangazi, au katekista, au padri, au rafiki aliye mtu mzima kwa akili, naye aende nawe. Kuteleza si kuanguka. Somo lililoshindikana laweza kusomwa tena; mwaka waweza kurudiwa. Uhai haurudiwi.

Nawe mzazi, mwanao akija na neno lile, uso wako wa dakika ya kwanza ataukumbuka miaka yote. Si lazima ufurahi, wala si lazima useme uongo kwamba haikuumi. Waweza kusema: Mwanangu, neno hili laniuma, lakini umefika nyumbani, kaa, ule. Kesho tutasema. Na kesho mseme kweli. Kama ni uvivu, aonywe. Kama ni pombe, akemewe. Kama ni njaa, au ugonjwa, au hofu, visaidiwe. Kukosa kwa uvivu na kukosa kwa mzigo si kosa moja, na mwamuzi mwenye haraka huyachanganya yote mawili.

Wajibu wa waalimu

Nao waalimu wana sehemu yao. Mwalimu anayechelewesha matokeo bila sababu huongeza mateso pasipo kuongeza elimu. Mwalimu anayeuza pointi kwa fedha, au anayedai heshima ya msichana ili ampe haki iliyo yake, ni mwizi mara mbili: amwibia mwanafunzi, tena aliibia taifa zima litakalotibiwa na kujengewa na watu wasiojua kazi. Na mwanafunzi anayenunua pointi ajue kwamba amejinunulia hofu. Atakaa na diploma ukutani, akiogopa siku ya kuulizwa alichojifunza.

Lakini mji wetu umepata kuwa na mfano wa namna nyingine. Mwaka 1971 serikali ya Mobutu iliwaandikisha wanafunzi wa chuo kikuu cha Lovanium, Kinshasa, jeshini kwa nguvu, baada ya maandamano yao. Padri mmoja Mjezwiti, mlezi wa vijana wa shirika lake waliokuwa wakisoma huko, hakubaki nyumbani akiwaombea kwa mbali. Aliomba aandikishwe pamoja nao. Padri huyo ni Christophe Munzihirwa, aliyekuja kuwa Askofu Mkuu wa Bukavu, akauawa katika mji huu tarehe 29 Oktoba 1996. Watu humkumbuka kwa kifo chake, na ni haki. Mimi napenda waalimu wamkumbuke pia kwa siku ile ya 1971. Hakuweza kuwaondolea vijana mzigo. Aliingia chini yake pamoja nao.

Uchovu unapozidi uchovu

Pengine hali ya mwanafunzi si uchovu tu. Mkiona kijana hali wala halali majuma mengi, ajitenga na wote, agawa vitu vyake, au asema kwamba ingekuwa heri asingekuwapo, msimcheke, wala msiseme anatafuta huruma. Msikimbilie kusema amerogwa. Mwulizeni waziwazi kama anafikiri kujiua. Wengi huogopa swali hilo, wakidhani litamtia wazo asilokuwa nalo. Sivyo, mara nyingi humpa nafasi ya kupumua. Msimwache peke yake, wekeni mbali dawa za sumu, mpelekeni kwa waganga. Hapa Bukavu kuna kituo cha SOSAME cha Mafratri wa Mapendo, wale waitwao kwa Kifaransa Frères de la Charité, ambacho kazi yake ni kutibu maradhi ya akili na ya moyo. Kwenda huko si aibu, kama vile si aibu kumpeleka hospitalini aliyevunjika mguu. Tena kusali na kutibiwa havigombani. Malaika wa Elia alitoka kwa Mungu, naye alileta mkate.

Tumalizie

Ndugu wasomaji, siku za matokeo zaja. Sikuombeni mwache kuuliza pointi. Naomba tu swali lile lingoje zamu yake. Kijana apandapo njia ya mlimani jioni ile, na vumbi miguuni, wa kwanza kukutana naye na amwulize: U hali gani? Umekula? Umelala? Na asubiri jibu, kwani wengi huuliza hali wakiendelea kutembea.

Kisha aingie nyumbani, akute maji ya kunawa na chakula kilichofunikwa, hata kama ni maharagi tu na sambaza kidogo. Aliyefaulu atajua kwamba alipendwa kabla ya kufaulu, wala hatajivuna. Aliyeshindwa atajua kwamba angali mtoto wa nyumba hii, wala hatadanganya. Baada ya hapo, mezani, mwulizeni amepata ngapi. Atawaambia kweli.